Kabati la Mabakuli, Alby

Nimeona rasimu ya bango lenu. Mtoeni kasa.

Najua anapendeza. Najua mchoraji ametumia siku nyingi kumpaka yale macho ya huzuni, na ule mfuko uliomzunguka shingo kama skafu. Lakini mimi pia nilikuwa na kasa, katika kampeni yangu ya kwanza, na nitawaambia yaliyompata. Tulimbandika kwenye milango ya majengo yote ya mtaa mmoja huku Alby, pembezoni mwa Stockholm, na baada ya siku tatu alikuwa ametoweka kwenye nusu ya milango. Niliandika ripoti ofisini kwamba ujumbe umepokelewa kwa hisia kali. Wiki iliyofuata nikakaribishwa chai nyumba moja, nikamkuta kasa wangu ukutani juu ya kitanda cha mtoto, amekatwa vizuri kwa mkasi, maneno yote ya kampeni yametupwa. Mama wa nyumba alinishukuru sana. Alisema mtoto alikuwa akiomba picha ya mnyama siku nyingi.

Mmeniomba kurasa chache, nyinyi vijana mnaofufua kampeni ya kupunguza plastiki za kutupa majumbani, kwa sababu mmesikia niliifanya kazi hiyo miaka mingi, mpaka mgongo wangu ulipoamua kustaafu nami nikalazimika kuufuata. Nilikuja Stockholm kutoka Morogoro na shahada ya masoko, nikaongeza nyingine hapa. Kwa hiyo nilikuwa na vyeti viwili vya kunithibitishia kwamba najua watu wanataka nini. Vyeti hivyo bado ninavyo, kwenye bahasha. Viko katika hali nzuri kwa kuwa sikuwahi kuvitumia.

Nilichotumia nilifundishwa na wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa Birgitta, mkuu wetu, Mswidi mrefu aliyebeba mkate wake wa mchana katika mfuko mmoja wa karatasi kwa muda mrefu hivi kwamba mfuko ulikuwa laini kama kitambaa. Hakuwahi kutuhubiria juu ya mfuko ule. Alikula, akaukunja, akauweka mfukoni.

Birgitta ndiye aliyenifundisha kwamba kazi ya kampeni inaanzia chumba cha taka. Kabla hujaandika neno, alisema, nenda Jumatatu asubuhi, vaa glavu, funua mapipa. Watu wakiulizwa wanatumia nini hukujibu kama wanavyomjibu mchungaji. Pipa halina adabu hiyo. Mimi na shahada zangu mbili nilisimama katika chumba hicho nimeziba pua kwa skafu, nikisoma maganda ya vitu. Nawaambia, sijawahi kusoma kitu chenye ukweli zaidi.

Na jambo jingine alilonifundisha. Vipeperushi vyetu vya kwanza vilifika kutoka kwa mpiga chapa vikiwa vimefungwa kimoja kimoja, kila kimoja ndani ya plastiki yake inayong'aa. Vipeperushi vya kupinga plastiki. Mimi ndiye niliyeagiza, na kwenye fomu niliweka alama penye "ulinzi dhidi ya unyevu." Nilitaka sakafu inimeze. Birgitta aliyatazama maboksi, akachukua mikasi miwili, akakaa chini.

"Tuvifungue," alisema.

"Vyote?"

"Unataka wavifungue wao?"

Tulikata mpaka jioni. Hakunilaumu, na hakumwambia mtu. Mkiwa wakubwa wa ofisi siku moja, mkumbuke kwamba aibu ya mtu mdogo ikitunzwa vizuri inazaa mfanyakazi mwaminifu kwa miaka.

Mwanamke wa pili nilimkuta ghorofa ya nne. Mlango wake, kama milango mingi ya hapa, ulikuwa na kibao cha kukataa matangazo, na Birgitta alikuwa ametukataza kutumbukiza karatasi penye kibao kama hicho. Ukikataliwa karatasi, gonga, jitambulishe, uwe wewe ndiye karatasi. Nikagonga. Akafungua mama wa makamo, Mkongomani kutoka Uvira, mikono imejaa unga. Huyo ndiye Mama Ombeni. Mtaani kote ndiye aliyepikia ubatizo, harusi na matanga. Watu wa Kivu, Warundi, hata sisi Watanzania wachache, akifa mtu simu ya kwanza huenda kwa mchungaji au kwa imamu, ya pili kwa Mama Ombeni.

Nikamsomea kipeperushi changu cha Kiswahili, kimesimama wima kama askari: "Epuka bidhaa za plastiki zinazotumika mara moja."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Weye unatoka wapi?"

"Morogoro, mama."

"Ndiyo maana. Kiswahili ya kitabu." Akafuta mikono. "Bon. Keti. Sasa nikuulize, ni nani anatumikisha kitu mara moja?"

Akavuta droo ya jikoni. Ndani kulikuwa na mifuko ya plastiki imeoshwa, imekaushwa, imekunjwa pembetatu, midogo kwa midogo, mikubwa kwa mikubwa. Chini yake makopo ya aiskrimu yaliyokuwa na maharage, pilipili, vifungo vya nguo.

"Hii iko na miaka mbili," alisema, akininyooshea mfuko mmoja. "Inakwenda soko, inarudi, inaoga, inalala. Weye mifuko yako iko na miaka ngapi?"

Mfuko wangu ulikuwa wa asubuhi ile. Niliuficha chini ya kiti.

Nilirudi kwa Birgitta nikamwambia kampeni yetu imekwenda kumhubiria padri. Akauliza, basi zile plastiki za Jumatatu kwenye mapipa zinatoka wapi? Maana zilikuwako, magunia kwa magunia: sahani nyeupe nyepesi, vikombe, uma zilizovunjika meno, na yale masanduku ya plastiki ya kufungia chakula. Tukamuuliza Mama Ombeni. Hakufikiri hata kidogo.

"Hiyo si ya nyumba. Hiyo ni ya batu. Watu mia mbili wanakuja matanga, utawapa sahani gani? Na wakiondoka, utawaachia waende mikono tupu? Kila mtu anafungiwa kidogo ya nyumbani."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nilikuwa nimeitafuta plastiki mahali pasipo pake. Nilikuwa nikigonga milango ya jikoni, kumbe plastiki ilikuwa ukumbini, siku za Jumamosi, penye heshima ya mgeni. Huwezi kumwambia mtu apunguze heshima. Unaweza tu kumtafutia chombo kingine cha kuibebea.

Kabati lilikuwa wazo la Mama Ombeni, ingawa katika ripoti za ofisi mtasoma kwamba lilikuwa letu. Liwekwe pale chini, alisema, kwenye korido ya chumba cha kufulia, ambapo kila mpangaji lazima apite na kapu lake la nguo siku aliyojiandikisha. Liwe na sahani za kweli za kuazima na mabakuli ya mifuniko ya kufungia wageni chakula. Birgitta akapata sahani kutoka kantini iliyokuwa ikifungwa, na mabakuli ya stili, mazito, yenye mifuniko ya buluu inayobana kwa mlio. Yalikuwa mabakuli mazuri mno. Mwenyewe nililitamani moja.

Ilibidi kamati ya wenye majengo ikubali. Kwenye kikao alikuwapo bwana mmoja mwenye sauti ya upole sana, wa aina ya watu wanaosema jambo baya kama wanakupa taulo. Akasema wazo ni zuri, lingefaa sana sehemu nyingine, lakini kwa mtaa huu vitu vya pamoja huwa vinapotea, na asingependa wapangaji wawekwe katika jaribu hilo. Mama Ombeni alikuwa ameketi kando yangu na koti lake la kanisani. Nikamtafsiria, nikapunguza makali. Akaniangalia kuonyesha kwamba ameelewa na makali niliyoyaacha.

Akasimama, akasema kwa Kiswidi chake kidogo, kila neno limepangwa: "Vitarudi. Mimi nasema."

Wakatupa muda mpaka mwisho wa majira ya kuchipua.

Sahani zilirudi kila mara, kwa sababu haziondoki ukumbini. Magunia ya Jumatatu yakapungua mpaka mtunza majengo akaniuliza kama watu wamehama. Lakini mabakuli yalikwenda, yasirudi. Baada ya ubatizo wa kwanza kabati lilikuwa nusu. Baada ya matanga mawili kulikuwa na bakuli moja tu, nalo lilirudishwa na mama mzee wa Kiswidi wa ghorofa ya tatu, chini ya Mama Ombeni, siku iliyofuata, limeoshwa, limekauka.

Nikafanya kile mtu wa masoko anachofanya akiogopa: nikaandika karatasi. Nikaipanga kwa lugha nne, Kiswahili juu kwa herufi nene, nembo ya ofisi chini na muhuri: "Bakuli lirudishwe tupu na safi." Nikaibandika kwenye kabati na kwenye milango ya kuingilia. Tangu siku ile halikurudi hata moja.

Ikabaki wiki mbili kamati ikutane. Bwana mpole alinipigia simu kunifariji kabla ya wakati. Mkataba wangu wa muda ulikuwa unaishia hapo pia, lakini sitawadanganya kwamba hilo ndilo lililoninyima raha. Nilikuwa nikiliona lile koti la kanisani. Mwanamke yule alikuwa amesimama mbele ya watu akatoa neno lake kwa ajili ya mtaa mzima, na neno hilo lilikuwa linaelekea kugeuka ushahidi wa kile kile alichokikanusha.

Nikaanza kugonga milango. Nyumba ya kwanza bakuli nililiona tangu mlangoni, juu ya kabati la sebuleni, linang'aa kama kombe la mpira. "Liko, dada," mwenyewe akasema. "Bado tu." Nyumba ya pili vilevile. Liko. Bado. Nikauliza bado nini, wakanikaribisha chai.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mzee Salvatori, Mrundi, aliyekuwa amefiwa na mkewe, Mariya, majira ya baridi. Matanga ya mkewe yalikuwa ya kwanza kupikiwa kwa vyombo vya kabati letu. Alinitolea mabakuli mawili kutoka kwenye kabati la nguo, yamefunikwa taulo.

"Ninayaosha kila juma," alisema.

"Sasa mzee, mbona huyarudishi? Kabati liko hapo chini tu."

Akafungua mfuniko mmoja, akaliinamisha bakuli ili nione ndani. Hapakuwa na kitu.

"Niyarudishe hivi?" akauliza. "Mariya ndiye alijua kuweka kitu."

Nilisimama pale na kadi yangu ya ofisi shingoni. Nikamwona mama yangu, Morogoro, na bakuli la jirani likingoja juu ya rafu siku tatu, siku nne, mpaka kipatikane cha kuweka ndani: viazi viwili, fungu la mchicha, ndimu. Siku moja hatukuwa na kitu kabisa, akanituma nalo likiwa na chumvi, amelifunika kwa kitambaa kana kwamba ni pilau. Hakuna aliyewahi kunieleza sababu. Ni kama kuvaa nguo kabla ya kutoka nje. Na mimi, mtoto wa mama huyo, ndiye niliyewaandikia watu wazima kwa herufi nene kwamba watembee uchi, tena safi.

Nikapanda ghorofa ya nne.

"Mama Ombeni, ile karatasi ya kabati."

"Ile mbaya?"

"Mimi ndiye niliyeiandika."

Akaweka mwiko chini. "Weye? Mi nilidhani ni Mzungu ameandika, weye umetafsiri tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Karatasi iko na muhuri, dada Zuhura. Hapa kuna batu wamekimbia vita. Batu kama hao hawabishani na muhuri. Wanaweka bakuli juu, wananyamaza, wanangoja muhuri ipite." Akaanza kucheka, taratibu, akajifuta macho kwa kanga. "Tupu na safi. Aksanti sana. Shule ilikufanya muzuri."

Nilimweleza Birgitta kesho yake. Nilimweleza yote, pamoja na chumvi. Alisikiliza akikunja mfuko wake.

"Na wewe desturi hii ulikuwa unaijua?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa na miaka mitano."

Akasukuma mkasi juu ya meza kuja upande wangu. "Kaitoe," alisema. "Halafu mwache yeye aandike."

Karatasi mpya ilikuwa na maneno machache: Jumamosi saa nane mchana, leta bakuli. Mama Ombeni. Nilitaka kuongeza msemo wa kampeni chini. Akanikataza. "Watajua," alisema. Birgitta akamwalika bwana mpole aje ajionee.

Saa nane korido ilikuwa tupu. Tulikuwa wanne: Birgitta, bwana mpole, mimi, na Mama Ombeni aliyekaa kwenye kistuli cha chumba cha kufulia, koti lake la kanisani mwilini, mikono juu ya magoti. Mashine moja ilikuwa inazungusha mapazia ya mtu. Saa nane na nusu. Bwana mpole alitazama saa yake, akanitazama mimi kwa huruma. Mama Ombeni hakutazama popote.

Karibu saa tisa lifti ikafunguka. Akatoka dada wa nyumba ya kwanza, bakuli kifuani kama mtoto. Ndani sombe, ndicho kisamvu chetu, bado la moto. Nyuma yake mwingine na wali, mwingine na ndagala, dagaa wa kwao, waliokaangwa, mwingine maharage, maandazi, chapati zilizokunjwa. Wakaendelea kuja kwa ngazi na kwa lifti, wanaume kwa wanawake, wakiyapanga juu ya meza ya kukunjia nguo, na meza ilipojaa wakayapanga juu ya mashine. Korido ikanuka vitunguu na sabuni. Yule mama wa Kiswidi wa ghorofa ya tatu alishuka na kapu la nguo, akayatazama mabakuli, akauliza kuna nini. Nilipomweleza akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mimi nililirudisha tupu," alisema.

"Haidhuru," nikamwambia.

"Inadhuru sana," akasema, akaacha kapu pale pale, akapanda juu, akarudi na mikate ya mdalasini ndani ya sufuria, kwa kuwa hakuwa na bakuli.

Mzee Salvatori alikuja wa mwisho. Amevaa tai. Aliweka mabakuli yake pembeni kabisa mwa meza, akarudi nyuma hatua mbili. Mama Ombeni akanyanyuka, akafungua moja. Mayai matatu ya kuchemsha, na chumvi imefungwa kwenye kipande cha karatasi.

"Sikujua kupika kingine," mzee alisema.

Mama Ombeni akachukua yai, akaligonga kwenye ukingo wa mashine, akalimenya pale pale amesimama, akalichovya chumvi, akalila lote bila haraka, korido nzima ikimtazama.

"Mariya alipikaka hivi hivi," alisema. "Chumvi iko sawa."

Nimeshuhudia watu wengi wakisifiwa kwa hotuba na vyeti. Sijaona mtu akiheshimiwa zaidi ya pale.

Bwana mpole alimuuliza Birgitta kama yamerudi yote. Nikamtafsiria Mama Ombeni. "Hapana," akasema. "Mbili iko Norsborg, wataleta. Moja iko Uvira, kwa mama ya mtu. Hiyo itachelewa." Kisha akatwaa bakuli la sombe, akabana mfuniko, akampa mikononi. Bwana yule alilishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Baadaye alinivuta kando akaniuliza, kwa sauti ya chini, analirudishaje. Nikamweleza sheria. Alilileta mwenyewe baada ya wiki mbili, limejaa jamu ya sitroberi. Kabati halikuondolewa.

Mtaniuliza, na mabakuli je? Mnadhani tuliyarudisha kabatini? Kila mtu aliondoka na la mwenzake, likiwa limejaa. Jioni nilitazama ndani, rafu zote wazi. Nikataka kulia. Birgitta alisimama nyuma yangu, akatoa kalamu, na kwenye ripoti niliyokuwa nimeiandaa kwa majedwali akaandika sentensi moja: kabati ni tupu, yaani linafanya kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huo, kama mlikuwa bado mnausubiri. Anzeni na pipa. Fungueni vipeperushi vyenu wenyewe. Msimpe mtu sheria kabla hamjauliza kwao inakuwaje, hasa ikiwa kwao ndiko kwenu. Na mtoeni kasa.

Limebaki jambo moja. Lile bakuli la pili la Mzee Salvatori nilipewa mimi siku ile. Mayai niliyala njiani, kwenye treni. Bakuli ninalo mpaka leo, kwa sababu mimi, kama Mama Ombeni anavyomweleza kila anayetaka kusikia, sijui kupika. Mzee amekwenda kuishi kwa binti yake, mji mwingine. Mama Ombeni yuko Norsborg na magoti yake mabovu, na kila akinipigia simu, baada ya salamu, huuliza: "Bakuli ya mzee?" Nami hujibu: "Liko, mama. Bado tu."

Jana nilisikia kwamba kabati la kampeni yenu mpya litakuwa pale pale koridoni. Nitapita Jumatatu. Nimekanda maandazi mara tatu. Haya ya mwisho yameungua upande mmoja tu. Kuleni yaliyo mazuri kwanza. La kufanya na bakuli mnalijua.